Kondoo Aliyengoja Kombe

Mimi ndiye nimemlisha huyo kondoo, kwa hivyo mimi ndiye nitaongea. Gicheru, mume wangu, ndiye aliyetoa ahadi, lakini ahadi haili. Kondoo ndiye anayekula. Kila asubuhi maganda ya viazi, majani ya kabichi, mashina ya minji, na jioni tena hivyo hivyo, pamoja na magadi ya kulamba. Halafu mlango wa kizimba ufungwe vizuri, maana Endarasha ni baridi na mheshimiwa hapendi upepo. Tulimwita Mwenyekiti. Alikuwa mnono, hana kazi yoyote, na watu wakiingia kwangu walimsalimia yeye kabla ya kunisalimia mimi.

Wewe usiyetoka huku utauliza kwa nini tulifuga kondoo namna hiyo bila kumchinja. Kaulize Njogu. Njogu ni timu yetu ya mpira, na kwa Kikuyu neno hilo ni ndovu. Walijiita hivyo kwa sababu ndovu wa msitu wa Aberdare huwa wanatuingilia shambani na kumaliza viazi. Sasa ndovu wa msituni angalau wakitoka kwao wanarudi wameshiba. Hawa wetu wakienda Nyeri, wakienda Nanyuki, wakienda Karatina, wanarudi na njaa ile ile waliyoenda nayo.

Si kwamba hawajawahi kushinda. Walichukua kombe mara moja, wakati Gicheru alikuwa bado ananitongoza. Alikuja kwetu siku hiyo akiwa na furaha mpaka babangu akampenda, na mimi nikadhani nimepata mwanaume mchangamfu. Kumbe ilikuwa ni hiyo siku moja tu!

Mwaka uliofuata, nikiwa nimeshaolewa, Njogu walifika fainali tena wakashindwa. Gicheru akatoka kanisani Jumapili, akashika dume letu dogo la kondoo, akaweka mkono mgongoni mwake mbele ya watu wote na wachezaji wenyewe, akasema, "Huyu hatachinjwa mpaka Njogu walete kombe nyumbani." Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga pia, sikujua ninapigia nini.

Kwetu mnyama akisemewa neno mbele ya watu, amesemewa. Humuuzi, humchinjii mgeni, humtoi harambee. Akizeeka akafa, neno linahamia kwa mdogo wake. Mwenyekiti wa kwanza alikufa kwa uzee. Wa pili pia, amelala vizuri kama mzee wa kanisa. Huyu ninayemsema ni wa tatu. Watoto wangu wamezaliwa, wamesoma, wameota ndevu, na Njogu bado wanajenga timu.

Na Gicheru hakukosa mechi hata moja. Mvua inyeshe, viazi vioze, yeye ako na koti lake la kijani na chupa ya chai, huyo! Akirudi ana sababu. Refa alinunuliwa. Upepo ulikuwa mbaya. Uwanja wa Ruring'u una mteremko. Nikamwuliza, Baba Mwai, si timu hubadilishana upande wakati wa mapumziko? Akasema mteremko nao hubadilika. Nikamwachia Mungu.

Hayo yote ningeyavumilia mpaka kaburini kama si Mwai, kijana wetu wa kwanza. Mwai anaendesha lori ya maziwa, na kwa hayo maziwa akakutana na Kathure, nesi, msichana wa Chogoria. Nilimpenda Kathure siku ya kwanza. Aliingia jikoni kwangu akamenya viazi bila kuambiwa, na akapita kizimbani bila kumsalimia Mwenyekiti.

Tukaenda kwa babake, Mzee Njiru, mkulima wa majani chai, mtu mdogo, mwembamba, wa sauti ya chini. Tuliongea yote, tukaelewana yote. Tulipokuwa tunafikia kuomba tuondoke, akainua kidole.

"Imebaki kondoo," alisema. "Nataka dume aliyefugwa nyumbani kwenu mpaka akanona. Sitaki wa kununuliwa. Mtu akiniletea kondoo aliyenunuliwa soko la Doldol jana, ananiambia alimkumbuka binti yangu jana."

Mwai akaniangalia. Mimi nikamwangalia Gicheru. Gicheru akaangalia dari la Mzee Njiru kana kwamba anataka kulinunua.

Sasa elewa vizuri tulikokuwa. Kathure alikuwa amepata barua ya kuhamishwa Lodwar, kule kaskazini kabisa, mwisho wa mwezi. Nesi aliyeolewa angeweza kuomba abaki karibu na mumewe. Asiyeolewa, apande basi. Na kumfuga kondoo mwingine mpaka anone ni mwaka mzima, na mwaka mzima Lodwar na Endarasha ni mbali. Njia yote kurudi nilimwona Mwai anavyoshika usukani. Kijana yangu alikuwa anaogopa.

Tulipofika nyumbani nilimngoja Gicheru anywe chai. Mimi si mtu wa kugombana na mtu hajanywa chai.

"Baba Mwai, si kondoo tuko naye?"

"Hatuna."

"Nimemlisha leo asubuhi. Ama nililisha nani?"

"Huyo si wetu. Ni wa kombe."

"Kombe gani? Iko wapi? Niletee niioshe nipangie na vikombe vingine hapa!"

"Mama Mwai, nilisema mbele ya watu. Mtu akisema mbele ya watu halafu ageuke, kesho akiongea nani atamsikiza?"

"Kwani saa hii nani anakusikiza?"

Hapo nilimuumiza, niliona. Akazungusha kikombe mezani. Halafu akasema polepole, na ile sauti naijua, ni sauti ya mtu anayejua atachekwa, "Lakini tuko fainali."

Ati tuko fainali. Ilikuwa kweli. Katika hayo yote sikuwa nimesikia kwamba Njogu walikuwa wamepita nusu fainali, na kwamba Jumamosi hiyo wangecheza na Karatina pale Ruring'u. Gicheru akaniambia wakishinda, Mwenyekiti ako huru, anaenda Chogoria siku inayofuata akitaka. Timu yeye angeichinjia mbuzi.

"Na wakishindwa?"

Alitoka kwenda kumwangalia kondoo.

Basi mimi, ambaye sikuwahi kuomba Mungu kwa ajili ya Njogu hata siku moja, nilisimama kwenye maombi ya akina mama nikaomba tuombee jambo la familia yetu. Mama Watiri, jirani yangu, akaniuliza ni jambo gani. Nikasema ni la vijana kumi na mmoja. Akanishika mkono kwa huruma, sijui alielewa nini.

Jumamosi nikaenda Ruring'u. Mara yangu ya kwanza. Gicheru alinifutia mahali pa kukaa na koti lake la kijani, akaanza kunionyesha wachezaji mmoja mmoja, huyu ni fulani, mguu wake wa kushoto, huyu babake pia alichezea Njogu, akashindwa vizuri sana. Wengi niliwajua kwa mambo mengine. Nahodha alikuwa Wambugu, mwenye kinu cha kusaga mahindi karibu na kanisa, na tumbo lake lilikuwa limetangulia kuingia uwanjani. Kipa alikuwa Kingori anayeuza mbolea. Nikasema moyoni, Mwanangu, utaoa ukiwa mzee.

Lakini wakafunga! Sijui nani alifunga wala kwa mguu gani, niliona tu mpira umeingia na wavu umetikisika. Niliruka. Mimi Murugi, mtu wa chama cha akina mama, niliruka na chai yote ikamwagikia bwana mmoja wa Karatina aliyekaa mbele yetu, na sikumwomba msamaha mpaka leo. Nilimshika Gicheru shingo. Nilimpigia refa kelele kwa maneno ambayo sikujua ninayo. Gicheru alikuwa ananiangalia na macho yake yamejaa maji. Mwai alikuwa amesimama nyuma yetu, ameshika kichwa kwa mikono miwili, anacheka.

Dakika za mwisho kabisa, watu wetu wakiwa wameanza kuimba, Karatina walipata kona. Mpira ukaja, Kingori akatoka golini kuufuata kama mtu anayefuata kuku wake barabarani, akaukosa. Wakafunga, tukawa bao moja kwa moja. Ikawa penalti.

Sitakusimulia penalti zote, roho yangu haiwezi. Ilifika mwisho, akabaki Wambugu. Akifunga, tunaendelea. Akikosa, basi. Aliweka mpira chini, akarudi nyuma, halafu badala ya kumwangalia kipa akainua macho kule tulikokaa, akamwangalia Gicheru. Moja kwa moja hivi. Akakimbia, akapiga, na ule mpira ulipita juu ya goli, juu ya ukuta, ukaenda zake.

Wambugu alijifunika uso na jezi.

Nililia. Sitaficha. Nililia kwa ajili ya Mwai, halafu katikati ya kulia nikagundua nalia pia kwa ajili ya Wambugu, na hiyo ikanikasirisha zaidi. Gicheru yeye alisimama. Wachezaji wetu walipokuwa wanatoka wameinamisha vichwa, aliwapigia makofi akimwita kila mtu kwa jina lake, mpaka yule wa akiba ambaye hakucheza. Wambugu alipita bila kutuangalia. Gicheru akamwita mara mbili.

"Mwaka ujao," akaniambia akikaa.

"Ukisema hilo neno tena," nikamwambia, "nakuacha hapa ulale golini."

Mwai alituendesha kurudi. "Ni sawa, mama," alisema tulipofika. Angepiga kelele ningejibu. Angemtukana babake ningemkemea. Lakini alisema ni sawa, akaingia ndani kumpigia Kathure simu, na nilimsikia akimwuliza kama Lodwar kuna joto sana. Usiku huo sikumpa Gicheru maji ya kuoga. Nilikuwa nimeshaamua. Jumatatu ningemfungua kondoo mwenyewe nimpeleke Chogoria, na anayetaka kunishtaki kwa chifu aende. Neno ni lake, lakini maganda ya viazi yalikuwa yangu.

Jumapili, tumetoka tu kanisani, nikaona Njogu wote wanaingia kwenye boma. Wote. Wamevaa makoti ya kanisa, wamepangana kutoka mlangoni mpaka kizimbani. Nikafikiri wamekuja kula, nikaanza kutafuta la kusema. Gicheru akatoka akiwa na furaha, akawaita ndani. Wakakataa. Wambugu akavua kofia.

"Mzee," alisema, "tumekuja kwa ajili ya huyu." Akaonyesha Mwenyekiti, ambaye alikuwa anatafuna.

"Amefanya nini?"

"Jana nilipoweka mpira chini, mzee, sikuona kipa. Nilimwona yeye. Haki ya Mungu, nilimwona hapo golini anatafuna hivyo hivyo. Nikapiga juu nisimgonge."

Nilitaka kucheka lakini hakuna mtu alikuwa anacheka. Kingori kipa akasema yeye naye mpira ukija juu huuona na manyoya. Mwingine akasema kila wakienda mazoezini lazima wapite hapa, na kila wakipita kondoo huinua kichwa. "Mtoto yangu ako na miaka tano," Wambugu akasema. "Kila siku ananiuliza, baba, huyo kondoo atachinjwa lini? Na hajui ananitukana. Babangu alichezea Njogu wakati wa yule kondoo wa kwanza. Tunamwogopa, mzee. Hatujawahi kukuambia kwa sababu unatupenda."

Gicheru akakaa kwenye ndoo iliyokuwa imepinduliwa hapo. Akaangalia mikono yake.

"Kwa hivyo ni mimi," alisema. "Miaka hii yote. Ni mimi nimewashindisha."

Hasira yangu yote ikaisha hapo hapo, ikabaki huruma tu. Nilitaka kumwambia hapana, ni tumbo la Wambugu, lakini Wambugu alikuwa ameshachuchumaa mbele yake.

"Si wewe, mzee. Wewe usipokuja hatuchezi. Lakini kuja bila kondoo." Akaangalia kando, akamwona Mwai amesimama mlangoni. "Na tumesikia huyu ako na shida. Neno ulilisema mbele ya Njogu. Sisi Njogu tunakurudishia."

Akaweka mkono wake mgongoni mwa Mwenyekiti. Kingori akaweka wake. Wakaja wote, mmoja mmoja, mpaka kondoo akawa haonekani kwa mikono, na nadhani ni yeye peke yake hakuelewa. Gicheru aliinuka mwisho. Alikaa na mkono wake juu ya manyoya kwa muda mrefu. Halafu akafungua kamba, akampa Mwai, akaenda nyuma ya nyumba. Mimi nikawapikia Njogu chai, na mandazi yote ya nyumba yakaisha.

Siku ya kwenda Chogoria ilipofika, ndani ya gari nilimfundisha Gicheru maneno. Maana kule wana desturi yao: kondoo hapokelewi mpaka aliyemfuga aseme mbele ya wazee amemfuga kwa ajili ya nani. Jibu ni moja na kila mtu analijua. Nikamwambia, sema, "Tulimfuga kwa ajili ya Kathure." Hiyo tu. Rudia. Akarudia. Rudia tena. Akarudia vizuri mpaka tunaingia kwenye lango.

Wazee wa Mzee Njiru walimpapasa Mwenyekiti mgongo, wakamshika mkia, wakatikisa vichwa kwa kumkubali. Hawakuwahi kuona kondoo kama huyo, na mimi nikasimama wima, maana ilikuwa kazi yangu. Kathure alikuwa mlangoni pamoja na mamake, amejifunga leso, anakunja na kukunjua pindo. Basi la Lodwar lilikuwa wiki hiyo hiyo.

Mzee Njiru akauliza kwa sauti yake ya chini, "Na huyu, mkwe, ulimfuga kwa ajili ya nani?"

Gicheru akafungua mdomo, akafunga. Nikamkanyaga mguu.

"Mkwe," alisema, "sitaki kukudanganya siku ya kwanza ya ukwe wetu. Huyu hakufugwa kwa ajili ya Kathure. Alifugwa kwa ajili ya timu ya mpira."

Yesu wangu! Wazee wakakohoa. Mwai aliangalia viatu vyake. Nilifunga macho nikajiuliza kama mtu anaweza kumwacha mume wake Chogoria akarudi peke yake na gari.

"Timu gani?" Mzee Njiru akauliza.

"Njogu ya Endarasha."

"Sijawahi kuisikia."

"Haijulikani sana," Gicheru akakubali. Akamweleza yote, fainali, neno alilosema, kondoo watatu, penalti ya Wambugu, na vile Njogu walikuja wakamrudishia neno lake. Hakuficha hata kidogo. Hata ule mteremko wa Ruring'u aliutaja.

"Walishinda kombe lini?"

"Mara moja. Huyu kijana alikuwa hajazaliwa."

"Na tangu hapo?"

"Tangu hapo tumekaribia."

Mzee Njiru akamwangalia kondoo, akamwangalia mume wangu, koti lake la kijani ambalo nilimkataza kuvaa na akalivaa. "Na sasa kondoo ameenda," alisema. "Bado utaendelea kwenda kuwaona?"

"Jumamosi wako na mechi ya kirafiki," Gicheru akasema. "Si ya maana. Nitakuwa huko."

Mzee Njiru akageuka polepole, akamwita binti yake kutoka mlangoni.

"Kathure, mama," alisema. "Lete nguo zako uende. Hawa watu hawajui kuacha mtu."